Mhubiri na Kikokotoo cha Mwenziwe

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kutika. Ndugu msomaji, debe lenyewe lilikuwa mimi. Usicheke mapema. Nipe masikio nikusimulie, kisha ukimaliza kusoma ucheke au ulie upendavyo.

Wengi wenu mnanijua. Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa katibu wa Chama cha Wakristo hapa shuleni. Niliokoka muhula wa tatu wa kidato cha pili, siku ya Jumamosi, vijana wa chuo kikuu walipotutembelea kwa mkutano wa wikendi. Siku hiyo nililia machozi ya kweli na hadi leo siyaonei haya. Tatizo langu halikuwa machozi. Tatizo ni kwamba baada ya kuyafuta nilianza kazi ya kuokoa bweni zima, na nilitaka niimalize kabla ya kufunga shule.

Kila usiku baada ya prepu, kabla taa hazijazimwa, nilipanda juu ya sanduku langu na kuanza: "Ndugu zangu, je, ukifa usiku huu utaenda wapi?" Wengine walijifunika blanketi gubigubi. Wengine walinijibu, "Kesho tuna mtihani wa Kemia, hatuna wakati wa kufa. Wacha kelele!" Mimi nilisema moyoni kwamba haya ndiyo mateso ya watakatifu, nikazidi kupaza sauti. Kwenye foleni ya githeri nilihubiri. Ndani ya matatu tukienda likizo nilisimama nikahubiri, hadi utingo akaniuliza kama ninalipa nauli ya kuketi au ya kusimama. Nilikuwa na daftari dogo ambamo niliandika majina ya wanafunzi wote wa bweni letu. Aliyeokoka nilimwekea tiki. Aliyebaki nilimwekea alama ya kosa, kama mwalimu anayesahihisha hesabu.

Katika bweni hilo walikuwamo vijana wawili Waislamu. Hao waliamka alfajiri, wakatawadha, wakaswali na kurudi kitandani bila kumkatiza mtu usingizi. Hao nao niliwawekea alama yangu ya kosa, wala sikuwahi kujiuliza ni nani kati yetu ambaye dini yake ilionekana zaidi.

Alama iliyoniuma kuliko zote ilikuwa ya jirani yangu aliyelala kitanda cha chini. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Wakili, kwa kuwa hakuna hoja aliyoiacha ipite bila kuijibu. Usiku mmoja aliniambia, "Bwana Katibu, mimi sina ubaya na Mungu wako. Nina swali moja tu. Hiyo dini yako inafanya kazi mchana, ama ni ya usiku tu?"

Nilimjibu kwa mistari minne ya Biblia. Hakuna hata mmoja uliojibu swali lake.

Sasa nifunue chungu uone kilichokuwa kikitokota ndani. Nilipokuwa kidato cha pili, kabla sijaokoka, kikokotoo changu kilianguka ndani ya beseni la maji nikifua sare. Kilikufa papo hapo. Baba alikuwa ameniambia wazi kwamba nikikipoteza hatanunua kingine, na mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa umebaki siku nne. Jioni hiyo Wakili aliacha chake juu ya dawati akakimbilia uwanjani kucheza kandanda. Nikatazama kushoto na kulia. Nikakitia mfukoni. Kule bwenini nilikwangua jina lake kwa wembe, nikaandika langu kwa ncha ya bikari.

Wakili alitafuta hata ndani ya pipa la takataka. Kisha watu wakaanza kuulizana ni nani aliyebaki darasani jioni ile. Alikuwako mwenzetu mmoja, kijana mkimya aliyeketi nyuma karibu na dirisha, ambaye hakuwa mpenzi wa mpira. Hakuna aliyemshika na kitu. Hakuna aliyemwona akiguza dawati la mtu. Lakini darasa zima lilimhukumu, na tangu jioni hiyo akaitwa Vidole. Hakuna aliyekubali kumwazima hata kifutio. Mimi nilikuwapo nikasikia jina hilo likizaliwa, na nilicheka pamoja na wengine, tena kwa sauti. Wakili naye alifanya mtihani wa Hisabati kwa penseli na kitabu cha majedwali. Alipata alama kumi na tisa kwa mia.

Muhula uliofuata nikaokoka. Dhambi hiyo nilimtajia Mungu gizani, kimoyomoyo, nikahisi nimesamehewa, nikaona yameisha. Lakini kikokotoo kilibaki ndani ya dawati langu. Tena kuna jambo la kutisha zaidi. Wakili hakuwa amepata kingine, kwa hivyo mara kwa mara alinijia kuomba nimwazime. Nami nilimpa kwa tabasamu la Kikristo! Akimaliza alikirudisha akisema, "Asante, Katibu. Wewe angalau una roho nzuri."

Msomaji, sijui kama umewahi kushukuriwa na mtu kwa kumwazima mali yake mwenyewe. Ni afadhali kutukanwa.

Muhula wa pili mwaka jana, Chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari ya Pwani. Mwalimu mlezi alitaka tuone Fort Jesus, tusikie Kimvita kwa masikio yetu, kisha tufike Rabai, katika kaunti ya Kilifi. Huko ndiko alikoishi Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Tulienda kwa ajili ya kamusi. Mimi nilirudi na jambo jingine.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki dunia. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, na wawili hao wakahamia Rabai kukaa na Wamijikenda. Na mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa nani? Hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa maskini aliyelemaa, jina lake Mringe, naye alibatizwa mwaka 1851, karibu na mwisho wa maisha yake.

Nilitoa lile daftari langu nikahesabu. Kutoka 1844 hadi 1851 ni miaka saba. Miaka saba, makaburi mawili, na mtu mmoja! Mimi nilikuwa nimelipa bweni zima muhula mmoja. Rebmann aliendelea kukaa hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Nikajiuliza, katika miaka hiyo yote watu hawa walikuwa wakifanya nini? Walihubiri, naam. Lakini pia waliketi na wenyeji wakawauliza, hiki mnakiitaje, na kile mnakiitaje, wakaandika neno baada ya neno. Kabla ya kupata la kuwaambia watu, iliwabidi kwanza wasikilize maneno ya watu wenyewe. Nami nilikuwa nimelala juu ya Wakili mwaka mzima, na sikujua hata jina la kijiji chao.

Tuliporudi, niliketi karibu naye ndani ya basi. Kwa mara ya kwanza sikuhubiri. Nilimuuliza habari za kwao. Aliniambia mamake huuza sukuma wiki na nyanya sokoni na kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na dirisha, "Unajua ile kalkuleta yangu iliyoibwa? Mama aliinunua na pesa za chama chao cha akina mama, ilipofika zamu yake. Angenunua viatu vyake. Mpaka leo sijamwambia ilipotea. Nikienda nyumbani akiuliza, mimi humwambia iko shuleni."

Alisema kweli bila kujua. Kilikuwa shuleni. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, juu ya vichwa vyetu. Kutoka Mariakani hadi Mtito Andei sikusema neno.

Likizo ya Agosti nilienda kwa nyanya yangu kule Murang'a, katika sehemu za majani chai. Nyanya ni mmoja wa wale ndugu wa Uamsho. Uamsho huo ulianzia Gahini nchini Rwanda, ukashika moto miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika hapa Kenya. Wakikutana huimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda, hata kama wao ni Wakikuyu, Wataita au Wajaluo. Mtindo wao ni kuungama dhambi mbele ya wenzao, na kurudisha walichoiba. Wao huita hivyo kutembea nuruni.

Nilimsimulia nyanya habari za mahubiri yangu ya bwenini, nikitarajia kusifiwa. Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akaniuliza, "Na hao watu, kuna mmoja wao unayemdeni?"

Moyo ulinipasuka paa! Nikasema, "Kwa nini nyanya?"

Akanieleza kwamba alipokuwa kigori aliiba kuku wa jirani, kuku aliyekuwa akiatamia mayai, akampika na wenzake kule mtoni. Jirani alimshuku mwanamke mwingine, na wale wanawake wawili wakakaa miaka minne bila kusalimiana. Hata msiba ulipotokea hawakuzikana. Nyanya alipookoka, akiwa mke mchanga wa watu, alichukua kuku wawili akaenda nao mchana watu wakitazama. "Nilidhani naenda kurudisha kuku," aliniambia. "Kumbe nilienda kurudisha watu. Yule mama alitupa kuku wangu chini akakimbia kwa mwenzake akilia. Mimi hata hakuniangalia! Mjukuu wangu, sikuwa nimewahubiria neno. Lakini mwaka huo wote watu waliniuliza, ni nini kilikupata? Ndipo nikawaambia."

Akaokota jiwe kwenye maharagwe akalitupa. "Zakayo hakuanza na kuhubiri," akaongeza. "Alianza na kurudisha mara nne."

Likizo iliyobaki niliamka saa kumi na moja kuchuma majani chai kwa mshahara. Fedha nilizopata zilitosha kununua kikokotoo kipya.

Siku ya kufungua muhula wa tatu, jioni, nilimwita Wakili nje karibu na kamba za kuanikia nguo. Magoti yalikuwa yakigongana. Nilikuwa nimejifunza maneno mazuri ya kuanzia, yote yakayeyuka. Nikamnyoshea kikokotoo cha zamani na kipya pamoja nikasema, "Hiki ni chako. Ni mimi niliyeiba. Nilikwangua jina lako."

Alikigeuza. Akakipapasa mgongoni pale penye mikwaruzo kwa kidole gumba. Alikaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo wewe ulikuwa unaniazima kalkuleta yangu? Na mimi nakwambia asante?"

"Ndiyo."

"Na usiku unapanda juu ya sanduku unaniuliza nikifa nitaenda wapi?"

"Ndiyo. Nisamehe, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu yako." Akanirudishia kile kipya. "Hiki sikitaki. Huyu ndiye mama alinunua." Alipiga hatua mbili, kisha akageuka. "Mimi umeniibia kalkuleta tu. Vidole umemwibia jina. Hilo utamrudishia aje?"

Msomaji, nakiri kwamba hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimelia, nimeomba, nimechuma majani chai, na katika hayo yote sikumkumbuka yule kijana wa dirishani hata mara moja. Nilikuwa nikiona aibu kwa Wakili kwa kuwa Wakili alikuwa rafiki. Yule mwingine nilikuwa nimemzoea kama mwizi, ingawa mwizi nilimjua vizuri kuliko mtu yeyote.

Kesho yake nilimwomba mwalimu wa darasa ruhusa, nikasimama mbele. Safari hii sikupanda juu ya kitu. Nilisema nilichofanya, siku niliyokifanya na jinsi nilivyocheka. Kisha nikamwita mwenzetu kwa jina alilopewa na wazazi wake, nikamwomba msamaha. Yeye aliinamisha kichwa juu ya dawati na hakukiinua hadi kengele ilipolia. Lile jina jingine sitaliandika tena katika makala haya.

Usifikiri kwamba malaika waliimba. Niliadhibiwa kufyeka nyasi nyuma ya jikoni kwa wiki mbili. Baba aliitwa shuleni, na njia yote kutoka ofisini hadi langoni hakunisemesha. Niliandika barua ya kujiuzulu ukatibu, nayo ikakubaliwa upesi kuliko nilivyotarajia. Wenzangu wengine wa Chama cha Wakristo walinikasirikia, wakisema nimelitia jina la Yesu matope. Nami naona kwamba nilikuwa nimelitia matope zamani, ila sasa ndipo matope yalionekana. Na usiku wa kwanza, taa zilipokaribia kuzimwa, mtu mmoja alipanda juu ya sanduku langu akaiga sauti yangu: "Ndugu zangu, je, ukifa usiku huu, kikokotoo chako kitaenda kwa nani?" Bweni zima lilivunjika mbavu. Nilijifunika blanketi. Kisha, mambo ya ajabu, nami nikaanza kucheka.

Wakili hakunisemesha kwa wiki tatu. Usiku mmoja nilisikia akigonga chuma cha kitanda changu kutoka chini.

"Katibu."

"Mimi si katibu tena."

"Wewe ungenyamaza, kuna mtu angejua?"

"Hakuna."

"Sasa ulisema kwa nini?"

Mimi niliyekuwa na mistari minne kwa kila swali sikupata hata mmoja. Nikamwambia, "Yesu alinisamehe, na mimi nikawa nakudanganya kwa jina lake. Ilinishinda kubeba."

Nilingoja hoja. Nilisikia blanketi likivutwa. "Haya, lala," akasema.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, nilimwona Wakili akienda hadi dirishani, mahali ambapo hakuwa amefika kwa zaidi ya mwaka mzima. Alisimama mbele ya yule mwenzetu akasema, "Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kukuita mwizi. Nimekosa. Pole." Wakashikana mikono kama wazee. Nilikuwa mbali, lakini niliona yule kijana akitabasamu, na kusema kweli sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku hiyo.

Nani basi alihubiri siku hiyo? Wakili hajaokoka. Jumapili jioni haji mkutanoni, na akija huketi karibu na mlango akiwa na hoja zake tayari. Lakini mwisho wa muhula alimweleza mamake ukweli kuhusu kile kikokotoo, na siku hizi, tukiwa sote kidato cha nne, huniuliza maswali mengine magumu ambayo inanibidi niende kuyatafutia majibu. Lile daftari langu la tiki na makosa nilimpa mpishi akawashie moto.

Ndugu msomaji, sisemi tunyamaze. Nyanya yangu hakunyamaza, aliulizwa akajibu. Wala sisemi kwamba wanaohubiri kwa sauti ni wanafiki, kwa maana wako wengi wenye mikono safi. Ninalosema ni kwamba kabla hujamwendea jirani na habari njema, tazama kwanza kama huna habari mbaya yake uliyoificha. Kitabu cha maktaba kilicho chini ya godoro lako kirudishe. Chenji ambayo utingo alikuzidishia mpe. Foleni ya chakula usiiruke kisha ukaombee chakula. Kama kuna mtu darasani mwenu anayeitwa jina ambalo mamake hakumpa, nawe unajua hastahili, usingoje miaka minne kama majirani wa nyanya, wala mwaka mzima kama mimi. Ukishafanya hayo, kaa tayari. Ipo siku mtu atagonga chuma cha kitanda chako usiku akuulize kwa nini.

Kikokotoo kipya ninacho hadi leo. Mgongoni nimeandika jina langu, na mtu yeyote akitaka kukiazima, karibu.

Ni mimi wako katika Chama cha Kiswahili,
Aliyekuwa Katibu, Kidato cha Nne.